Mama Alipima kwa Mkono

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa duka la kompyuta, mjomba kanishika bega, ananiambia, "Haya, chagua." Turudi hapohapo.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni yule binti wa fundi cherehani aliyemaliza chuo kikuu akarudi nyumbani na joho la kuazima na imani kwamba dunia inamsubiri. Dunia haikuwa na habari zangu. Ofisi ya kwanza ilinipa meza, ikafunga milango. Ya pili ilinifundisha kuchemsha chai. Mtaani wakaniita Digrii, mwanzo kwa heshima, baadaye kwa kicheko. Nilipokuwa nimeshazoea kukaa kibandani kwa Mama nikifumua pindo za watu, nikapata nafasi ya mafunzo ya ubunifu wa mavazi kwa kompyuta.

Unachora gauni kwenye skrini. Programu inamvalisha mwanasesere. Mwanasesere anatembea, na kitambaa kinaanguka vilevile kinavyoanguka mwilini mwa mtu. Siku nilipoonyeshwa nililia. Mimi nalia upesi, mmeshanizoea.

Sharti lilikuwa moja: kila mwanafunzi aje na kompyuta yake.

Na mjomba, mdogo wake Mama, mwenye karakana ya matairi, ambaye mtaa mzima unamwita Pancha, akasema yangu ataninunulia yeye.

Ndani ya duka kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya maboksi mapya. Muuzaji alikuwa kijana wa makamo yangu, amevaa kizibao cha kijivu, kasimama wima kama anasubiri kupigwa picha. Jina lake sikuliuliza. Moyoni nikamwita Kizibao, na mpaka leo ndilo nimelizoea.

Akaweka laptop mbili mbele yetu.

"Hii ni ya kawaida," akasema, akigusa ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, nene, ina kona kama tofali. "Unaandika, unasoma, unatazama filamu. Na hii ni ya daraja la juu." Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, ungeweza kuidhania sinia.

"Tofauti yake nini?" mjomba akauliza.

"Nguvu, mzee. Hii nene tuseme ni baiskeli. Hii nyembamba ni pikipiki."

"Mimi ni mtu wa matairi. Umenielewesha."

Nilijua ninayoihitaji. Lakini njiani mjomba alikuwa ameniambia neno lililonikaa kooni. "Ukichukua ya kawaida," alisema, "kitakachobaki nitamnunulia dada ile cherehani ya ovaloki. Ukichukua kubwa, dada atasubiri tena. Sikulazimishi. Nakuambia tu ujue."

Ovaloki ni ile cherehani inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke nyuzi. Mama anashona vizuri kuliko fundi yeyote ninayemjua, lakini kingo anafunga kwa mkono, na wateja wa siku hizi wakigeuza nguo ndani nje na kuona sindano ya mkono, wanavuka barabara kwenda kwa fundi wa upande wa pili. Mama anawaona wakivuka. Anakanyaga tu cherehani yake kwa nguvu zaidi.

"Hii ya kawaida inatosha," nikasema.

Kizibao akakohoa. "Samahani, dada. Unakwenda kusomea nini?"

Nikamwambia.

"Basi haitoshi. Programu hiyo haitafunguka humu. Na ikifunguka, utakwenda sokoni, utarudi, utapika, utakula, mwanasesere wako bado hajainua mguu."

"Itafunguka."

"Haifunguki, dada."

"Wewe si muuzaji? Nauziwa ninachotaka!"

Mjomba akanigeukia taratibu. "Unamdanganya nani wewe?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Mama anahitaji cherehani," nikasema.

"Na nani kakwambia dada yangu anataka cherehani ya kukulemaza wewe? Huruma yako hii, mtoto, siku moja itakutembeza bila viatu. Kijana, funga hiyo nyembamba."

Ikafungwa. Nikatoka dukani nimeikumbatia kifuani, nina furaha na nina aibu, vyote kwa pamoja, sijui kipi kimepanda juu ya kipi.

Kibandani kwa Mama alikuwepo na mama mdogo, ambaye kazi yake hapo ni kushona vifungo na kupokea habari. Wateja hawakuwepo. Mama akavua futi ya kupimia shingoni, akajifuta mikono, akasema, "Ilete niione."

Hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu mama yangu.

Mama hanunui chombo cha kazi kwa kuuliza. Akienda kutazama cherehani, haulizi imetoka wapi wala ina umri gani. Anaishika shingo, anainyanyua, anairudisha. Cherehani nyepesi, anasema, hucheza mezani, na ikicheza mshono hupinda. Nzito hutulia. Mkasi anaupima hivyohivyo, na pasi hivyohivyo. Mafundi wote wa rika lake ndivyo wanavyofanya, na katika chuma sijawahi kumwona akikosea.

Akainyanyua laptop yangu.

Akairudisha. Akainyanyua tena, kwa mkono mmoja.

"Mbona haina kitu ndani?"

"Kimo, Mama."

"Kiko wapi? Sahani zangu nzito kuliko hii."

Mama mdogo akacheka. "Dada, labda vitu vyenyewe wanavitia baadaye."

"Na hiyo nyingine mliyoiacha dukani?" Mama akaniuliza. "Ilikuwaje?"

"Nene. Nzito kidogo."

"Sasa tofauti yao nini?"

Ndugu msomaji, kama kuna mahali nilipaswa kusema kweli, ni pale. Ningesema tu: Mama, hii ni kubwa, ina nguvu, nayo ndiyo imekula ovaloki yako. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nikaona kona ya kibanda. Mama alikuwa amesogeza meza ya pasi. Alikuwa amefagia pale chini, ameacha nafasi tupu yenye ukubwa wa cherehani, na hakuwa amemwambia mtu.

"Hakuna tofauti ya maana, Mama," nikasema. "Hii ni nyepesi tu kuibeba."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nikajipongeza. Nilidhani nimemwondolea mzigo.

Alhamisi nikaenda kujiandikisha.

"Niachie hiyo mashine," Mama aliniambia asubuhi. "Niipimie mfuko. Utaibebaje mikononi kama trei ya mayai?"

Nikamwachia. Nani hamwachii mama yake?

Chuoni mkufunzi wetu aliingia darasani bila salamu. Ni mwanamke mfupi, sauti yake haipandi wala haishuki.

"Jumatatu," akasema, "kila mmoja atakaa hapa mbele, atafungua programu kwenye kompyuta yake, na mwanasesere atatembea. Nitaangalia mwenyewe. Ambaye mwanasesere wake hatembei, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi na mimi sina viti vya mapambo."

Jirani yangu akameza mate. Mimi nikatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule, jambo lilikuwa gumu kwa wengine na rahisi kwangu.

Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mama alikuwa ananisubiri mlangoni. Mama yangu hasubiri watu mlangoni. Amevaa lile gauni lake la kutokea, mikono nyuma, na uso wake umejaa jambo. Nyuma yake mama mdogo anajiziba mdomo.

"Ingia," Mama akasema. "Fungua."

Mezani kulikuwa na mfuko mpya, mzuri ajabu: kitambaa kigumu cha buluu, pindo mbili, zipu iliyonyooka kama mstari wa rula. Nikaushika kuuinua.

Mkono ukabaki chini.

Nikafungua zipu. Kona kama tofali. Nyeusi. Nene.

"Mama," nikasema, "hii ni nini?"

"Mashine," Mama akasema. "Ya kweli. Wamezoea kuchezea watoto wa watu, wakawapa gamba tupu. Nimewarudishia gamba lao."

Nikakaa. Bahati kulikuwa na kigoda.

"Ungemwona mama yako!" mama mdogo akalipuka, hawezi tena kujizuia. "Ungekuwepo! Tumeingia, kile kijana chenye kizibao kikaja mbio, karibuni wazazi wangu. Dada akamwekea ile nyepesi juu ya meza, akamwambia, nibadilishie, nataka ile nzito. Kijana akashtuka! Akasema, mama, hii nyepesi ndiyo kubwa, ile nyingine ndogo. Dada akamtazama kifuani. Akamwambia, mwanangu, matundu ya vifungo vyako yamepinda yote, kizibao kinakucheka mchana kutwa na huoni. Wewe ndiye utanieleza mashine? Duka zima likaangua kicheko!"

"Sikumtukana," Mama akasema kwa upole. "Nilimwambia akilete nimshonee upya."

"Halafu?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa inatoka mbali.

"Halafu akasema tena, mama, tafadhali, mpigie kwanza binti yako. Dada akamjibu, binti yangu ana digrii, na yeye mwenyewe ameniambia hazina tofauti ila uzito. Basi nipe yenye uzito!"

Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega. Na mimi nikacheka. Nawaapia nilicheka, kwa sababu Mama alikuwa anaonekana kama msichana, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho alitoka nje ya kibanda kwenda kunipigania, akashinda.

"Na alikurudishia chenji yoyote?" nikauliza.

"Anirudishie nini tena?" Mama akashangaa. "Mimi ndiye niliyetaka kumwongezea! Akakataa. Nikasema, kijana ana adabu, shida yake ni vifungo tu."

Jioni ile nilijaribu kuweka programu kwenye ile nzito. Ikakubali kuiweka. Nikaibofya.

Ikanguruma. Ikapata moto mpaka mapaja yakaniuma. Baada ya muda mrefu, mwanasesere akatokea, hana kichwa. Nikangoja kichwa. Badala ya kichwa, skrini ikawa nyeusi.

Mama akachungulia. "Inafanya kazi?"

"Inapasha moto kwanza, Mama."

"Kama pasi," akasema, ameridhika, akaenda zake.

Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unajua. Muuza mboga alinipa pole kwa kutaka kutapeliwa. Kinyozi akasema mama kama yule angekuwa wizarani. Mteja wa Mama, mwanamke aliyekuja kupimwa sketi, aliinyanyua laptop yangu kwa mikono miwili na kusema, "Hii kweli. Hii ukimpiga nayo mwizi, anatulia." Kila aliyeisifu alinipigilia msumari mwingine. Ningewezaje kumwambia?

Jumamosi asubuhi nikasema naenda maktaba. Nikabeba mfuko wa buluu, bega likiniuma, moja kwa moja mpaka dukani.

Kizibao aliniona tangu mlangoni. Akaacha alichokuwa anafuta.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilifikiri utakuja jana."

"Ipo?"

Akaonyesha kwa kidevu. Ilikuwa ndani ya kabati la kioo, inang'aa, kama haikunijua.

"Nirudishie, kaka yangu. Nakuomba. Jumatatu nikikaa mbele ya mkufunzi na hii, nimekwisha."

"Siwezi kukupa wewe. Aliyebadilisha ni mama, sahihi ni ya mama. Aje mwenyewe, aseme amekosea, nimweleze mwenye duka."

"Na ile tofauti ya bei? Umempa ya kubwa ukachukua ndogo, ama umechukua kubwa ukampa ndogo, hata sijui nisemeje! Kilichozidi kilikwenda wapi?"

Akainamisha kichwa. "Kwenye droo ya duka. Sikutia mfukoni, dada, naapa. Nilitaka kumrudishia, akadhani nadai nyongeza, akataka kuniongezea. Na watu wanacheka. Nikaona aibu, nikaacha. Mwenye duka aliona droo imejaa, akanisifu." Akaangalia mlango wa nyuma, akashusha sauti. "Nilimwambia kweli mama yako. Nilimwambia, akanikatalia. Nilimwambia tena. Unanisikia? Aliyekuwepo hapa kabla yangu alifukuzwa kwa lalamiko moja tu la mteja. Moja."

"Nimekusikia. Mama mdogo amenieleza hivyohivyo."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Basi mlete. Upesi. Kuna mtu ameipenda, amesema atarudi."

Nikarudi nyumbani nakimbia na tofali begani.

Mama alikuwa anashona. Mama mdogo hayupo, nikashukuru. Nikasimama mbele ya cherehani, nikasema yote kwa mkupuo mmoja, kabla moyo haujanilegea: baiskeli na pikipiki, mwanasesere asiye na kichwa, Jumatatu, kiti kinachoweza kwenda kwa mwingine.

Hakuniangalia. Alishona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi.

"Kwa hiyo nimechukua pikipiki yako, nikaenda kukuletea baiskeli."

"Hukujua, Mama."

"Uliniambia hazina tofauti."

"Nilisema."

"Mimi nakuuliza jambo, unanijibu kama unambembeleza mtoto. Kwa nini?"

Nilitaka kujibu. Macho yakanitoroka, yakaenda kwenye kona ile iliyofagiwa. Mama akayafuata. Akaiangalia ile nafasi tupu muda mrefu, kama ndiyo kwanza anaiona.

"Aa," akasema.

Akavua futi, akaitundika msumarini, akavaa viatu.

"Twende. Na mjomba wako asijue. Atanicheka mpaka nizeeke."

Njiani alibeba mfuko yeye mwenyewe. Nilipotaka kumpokea alinipiga kidogo mkononi. Tulikuwa tumekaribia duka, bado tuko upande wa pili wa barabara, ndipo tuliposikia sauti.

"Mchana kweupe! Mmemwibia dada yangu mchana kweupe!"

Mama akasimama. "Nani kamwambia?"

Sikuhitaji kujibu. Kazi ya mama mdogo ni kushona vifungo na kupokea habari, na habari akizipokea hazikai. Alikuwa amepita karakana ya matairi kumchekesha kaka yake. Mjomba hakucheka. Mjomba alikuwepo siku ya kununua. Bei za zote mbili anazijua.

Tuliingia. Mjomba amesimama katikati ya duka na ovaroli yake ya kazi, mikono myeusi kwa vumbi la matairi. Wateja wamejibanza ukutani, lakini si kwa kutaka kuondoka. Kizibao amesimama nyuma ya meza, rangi imemtoka. Na pembeni yake, mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, ufunguo mkononi. Mwenye duka.

"Huyu hapa!" mjomba akasema alipotuona. "Dada, njoo. Waambie. Nilitoa hela ya mashine kubwa, wakakupa ndogo, na kilichozidi wamekaa nacho. Waambie!"

Mwenye duka hakupandisha sauti. "Karibu, mama. Mimi sikuwepo siku hiyo, kwa hiyo nauliza tu. Hapa kwangu mteja hadanganywi. Kama kijana wangu alikudanganya, nafungua kabati hili sasa hivi, unachukua mashine yako, na yeye anavua hicho kizibao anakwenda kwao. Lakini kama ulikuja mwenyewe, ukachagua mwenyewe, biashara imekwisha. Hii ina mteja, ameshapiga simu, yuko njiani. Alikudanganya?"

Mama akaweka mfuko wa buluu juu ya meza. Akaangalia kabati la kioo. Akamwangalia mdogo wake, ambaye alikuwa amevimba kwa upendo na hasira. Halafu akaangalia kifua cha Kizibao, vifungo vyake, kimoja baada ya kingine, na nikaona shingo yake inashuka.

Nilijua anachofikiri. Kusema hakudanganywa ni kusema mbele ya mdogo wake na mbele ya wateja wa watu kwamba alinyanyua kompyuta kama pasi, akamcheka aliyemwambia kweli. Jumatatu mtaa mzima utaijua, na fundi wa upande wa pili wa barabara ataijua mapema zaidi.

"Dada, sema tu," mjomba akahimiza. "Neno moja. Ndiyo, alinidanganya. Basi, tunachukua mashine ya mtoto tunakwenda nyumbani."

"Mama," Kizibao akasema. Sauti haikumtoka vizuri.

Mama akanigeukia.

"Muulizeni binti yangu," akasema. "Yeye ndiye aliyesoma, na habari yote anaijua. Atakalosema yeye, na mimi nasema hilohilo."

"Mama, mimi..."

"Atakalosema yeye," akarudia, na macho yake hayakuniomba kitu. Hayakunizuia kitu. Ningefurahi kama yangeniomba.

Duka zima likanigeukia.

Nyie mnanijua. Tangu wiki ya kwanza nimewajaza maneno kuhusu haki na kweli na dunia bora, mpaka mmoja wenu aliandika kuuliza kama mimi ni binti au ni mahubiri. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye baridi ya kiyoyozi, na kila kitu nilichokitaka maishani kiko nyuma ya kioo chembamba, umbali wa mkono. Neno moja linafungua. Mwanasesere anatembea. Mama anatoka na heshima yake, mjomba anatoka na ushindi wake. Aliyebaki ni mtu mmoja tu, na hata jina lake silijui.

Mwenye duka alikuwa ameshaingiza ufunguo kwenye kufuli ya kabati. Akavaa miwani yake.

"Haya, binti. Tunakusikiliza."

"Mama yangu," nikasema, na nikasikia sauti yangu ikitetemeka kama cherehani nyepesi mezani, "mama yangu aliambiwa..."

Mjomba akavuta pumzi. Kizibao akafumba macho.

"Aliambiwa nini?" mwenye duka akauliza, na ufunguo ukasimama.